Wavuvi walisingiziwa, na virusi vyenyewe ndo vimesema

Machi 2023 serikali ilipotangaza kwamba ule ugonjwa uliokuwa unaua watu kule Bukoba Vijijini ni Marburg, huku Mwanza sikusikia watu wengi wakiuliza Marburg ni kitu gani. Kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, pale Mwaloni Kirumba katikati ya magunia ya dagaa, swali lilikuwa moja: nani kaleta? Na jibu likapatikana siku hiyohiyo bila hata maabara, maana taarifa zilisema mgonjwa wa kwanza alikuwa ametokea kisiwa cha Goziba, humuhumu Ziwa Victoria, basi imekwisha hiyo, ni wavuvi. Wa visiwani. Walewale ambao tushawatwisha UKIMWI, tukawatwisha kipindupindu, kila likitokea la kutokea ni wao.

Mlipuko wenyewe ulikuwa mfupi. Watu 9 waliugua, 8 wakathibitishwa na maabara na 1 akahesabiwa kutokana na dalili na historia yake, 6 wakafariki, na tarehe 2 Juni ukatangazwa kwisha. Ila mjomba wangu, ambaye anavua dagaa upande wa Ukerewe tangu mi sijazaliwa na Goziba hajawahi kukanyaga, alirudi nyumbani Igombe mwezi ulipokuwa mkubwa (wavuvi wa dagaa mnajua, mbalamwezi ikiwa kali kambi zinapumzika) akakuta watu wanampa salamu kwa mbali, mwenye duka anamwekea chenji juu ya meza asimguse, watoto wa jirani wameitwa ndani. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Hakumjibu mtu, alimaliza mapumziko yake akarudi kambini.

Hiyo kitu iliniuma na mpaka leo inaniuma. Nafundisha baiolojia sekondari, na tangu kipindi kile nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu namna wanasayansi wanavyofuatilia virusi, jinsi vinavyobadilika na jinsi vinavyosafiri, na nilichokikuta ndo nataka nikiandike hapa kwa urefu, kwa sababu hili swali la nani kaleta wapo watu wanaolijibu kwa kazi ngumu, wana mashine, wana hesabu, na mara nyingi mno jibu lao limewatoa hatiani watu ambao mtaa ulishawahukumu. Wavuvi wa ziwa hili wakiwemo.

Tuanze na kirusi chenyewe. Kirusi hakizaliani peke yake, kinaingia kwenye seli ya mtu au ya mnyama na kuitumia hiyo seli kutengeneza nakala zake, maelfu kwa maelfu. Maelekezo yake yote yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. VVU ina herufi kama 9,700 hivi, Marburg kama 19,000, korona kama 30,000. Sasa kila nakala inapotengenezwa kuna uwezekano wa herufi kukosewa, na hapo virusi havifanani: korona ina namna ya kujisahihisha kwa hiyo ilikuwa inabadilika polepole, wastani wa kama herufi 2 kwa mwezi zinazodumu, wakati VVU haina kabisa usahihishaji huo ndo maana inabadilika kwa kasi ya kutisha, hata ndani ya mwili wa mtu mmoja. Makosa mengi hayana faida wala hasara kwa kirusi. Lakini yanarithiwa, na hapo ndo kazi yote ilipo.

Kila mwalimu anaijua hii. Unasahihisha madaftari unakuta mwanafunzi mmoja kaandika jina la kiungo cha seli kwa herufi iliyokosewa, na mwenzake naye kakosea herufi ileile mahali palepale, hapo huhitaji shahidi, hawa wamenakiliana. Ukikuta wa tatu ana kosa hilohilo alafu kaongeza la kwake, unajua huyu yupo chini yao kwenye mlolongo. Hawezi kuwa chanzo cha wenzake, maana wangekuwa nalo hilo kosa lake la pili. Ukiendelea hivyo darasa zima unaweza kuchora nani kanakili kwa nani bila mtu yeyote kufungua mdomo.

Wanasayansi wanachukua sampuli, damu au mate au chochote, wanatoa vinasaba vya kirusi (ndo yale maelekezo yake ya herufi nne), wanaviongeza idadi viwe vingi vya kutosha, alafu mashine inasoma herufi moja baada ya nyingine. Zamani mashine hizo zilikuwa za kujaza meza na ziko nchi za mbali, sa hivi ipo inaitwa MinION inaingia mkononi na inaendeshwa na laptop, mwaka 2015 walienda nayo Guinea wakati wa Ebola wakawa wanasoma vinasaba vya wagonjwa hukohuko mlipuko ukiendelea. Wakishapata herufi wanazipanga pamoja, kompyuta inatafuta makosa yanayofanana, unatoka mti wa ukoo wa virusi. Na kwa kuwa makosa yanaongezeka kwa kasi inayokadirika, wanaweza kuhesabu kurudi nyuma, hawa wawili waliachana lini, babu yao aliishi mwaka gani. Hiyo wanaiita saa ya molekuli. Ukiwa na bando ingia Nextstrain, mradi ulioanzishwa na Trevor Bedford na Richard Neher, utaiona miti hiyo kwa macho yako kwenye simu, ina rangi za nchi na tarehe, mi huwa nawaonyesha wanafunzi wangu na ni moja ya vipindi ambavyo hamna anayesinzia.

Sasa turudi ziwani.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 80. Mwaka 1982 madaktari wa Uganda walianza kuona watu wanakonda na kufa Kasensero, mwalo wa wavuvi huko Rakai, jirani kabisa na mpaka wetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania wakatambuliwa Kagera. Watu wa Kagera waliuhusisha ugonjwa na nguo za magendo zilizovushwa kutoka Uganda, wengine wakasema wafanyabiashara wale walidhulumu huko ziwani wakarogwa. Mwalo, magendo, mitumbwi, wanawake wa kambini, picha ikakaa hivyo kichwani kwa watu na haijatoka mpaka leo, kwamba hili dubwana lilizaliwa mwaloni.

Vinasaba vinasema vingine kabisa. Mwaka 2008 timu ya Michael Worobey ilichapisha kazi waliyoifanya kwa kulinganisha sampuli mbili za zamani sana kutoka Kinshasa, moja ya damu ya mwaka 1959 na nyingine ya tezi la mgonjwa iliyohifadhiwa kwenye nta tangu 1960. Hizo sampuli mbili, za mji mmoja, zimepishana mwaka mmoja tu, lakini virusi vyake tayari vilikuwa vimetofautiana sana, manake vilikuwa vimeshazunguka kwa watu miongo mingi. Mwaka 2014 timu nyingine, ya Nuno Faria na wenzake, ikapeleka hesabu mbele zaidi: mlipuko ulianzia Kinshasa (enzi hizo Léopoldville) kwenye miaka ya 1920, ukasambaa na reli za mkoloni kwenda Mbuji-Mayi na Lubumbashi, reli ambazo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikuwa zinabeba abiria zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Na nyuma ya hapo kirusi kilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni.

Yaani virusi vilishatembea miaka 60 ndani ya watu kabla hata mtu mmoja hajazikwa Kasensero kwa ugonjwa huo kuonekana na daktari. Kasensero na Kagera ni mahali ulipoonekana. Watu waliougua pale mwanzoni walikuwa wameletewa kama wengine wote, lakini nani aliwahi kuwaambia hivyo wajane wa miaka ile?

Na hapo bado sijafika kwenye utafiti ulionifanya niandike.

Hapohapo Rakai kuna mradi wa miaka mingi wa kufuatilia afya za watu vijijini, na kati ya 2011 na 2015 walichukua sampuli kwenye jamii 40, 4 kati ya hizo ni za wavuvi mwambaoni na 36 za bara, wakulima na wafanyabiashara wa miji midogo. Tofauti ya maambukizi ilikuwa kubwa mno. Mwaloni takribani watu wazima 4 kati ya 10 walikuwa na VVU, bara wastani kama 14 kati ya 100. Ukimpa mtu yeyote namba hizo atakwambia papo hapo, si unaona, wavuvi wanajaza virusi mwaloni alafu wanavimwaga bara. Hata wataalamu wengi walikuwa wanafikiri hivyo, mipango ilikuwa inaandikwa hivyo, kwamba ukizima moto mwambaoni bara patapoa penyewe.

Kikundi cha Oliver Ratmann, Kate Grabowski na wenzao, Waganda wakiwemo, wakasoma vinasaba vya virusi vya watu hao, na hawakuishia kwenye kirusi kimoja kwa kila mtu. Hapa naomba unifuate taratibu maana ndo utamu wenyewe ulipo. Kwa sababu VVU inakosea kunakili kila wakati, mtu aliyeishi nayo miaka kadhaa anakuwa na kundi zima la virusi mwilini, vinatofautiana tofautiana, ukoo wenye matawi mengi. Akimwambukiza mwingine, kinachovuka mara nyingi ni kirusi kimoja au vichache. Kwa hiyo ukisoma virusi vingi vya huyu na vingi vya yule, na ukakuta vya yule vyote vimechipuka kutoka kwenye tawi moja dogo ndani ya ukoo mpana wa huyu, basi unajua maambukizi yalielekea upande gani. Mwelekeo! Miaka yote kabla ya hapo ungeweza kusema hawa wawili virusi vyao ni ndugu, lakini kusema vilielekea wapi ilikuwa shida.

Wakajumlisha mielekeo yote. Kwanza, sehemu kubwa sana ya maambukizi ilikuwa ndani kwa ndani, watu wa bara kwa watu wa bara, wa mwaloni kwa wa mwaloni. Na kwa yale machache yaliyovuka, mengi yalivuka kutoka bara kwenda mwaloni. Kinyumenyume cha tulichokuwa tunakisema. Ilichapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la Lancet HIV na hitimisho lilikuwa wazi, kwamba maeneo yale ya wavuvi yanapokea virusi kutoka bara kuliko yanavyovitoa.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikatoka nje kidogo. Nilimfikiria mjomba na ile chenji juu ya meza.

Kuna watakaouliza, sasa kama hawatoi, mbona wanao wengi hivyo? Mjomba mwenyewe aliniuliza hilohilo, nilipomweleza baadaye akiwa nyumbani. Akasikiliza yote akiwa ananyoosha nyavu zake, alafu akasema, "Mwanangu, sasa kama haitoki kwetu, mbona kambini ndo tunaongoza kwa kuumwa?" Nikamwambia, "Mjomba, kambini nani mzawa?" Akacheka, akasema hamna. Na ndo hivyo. Kambi inajazwa na watu waliotoka mahali pengine, kijana aliyekosa shamba, mama aliyeachika au aliyefiwa na kufukuzwa kwenye nyumba ya marehemu, anakuja mwaloni kwa sababu mwaloni hamna anayekuuliza ukoo na hela inapatikana siku hiyohiyo. Watafiti wa Rakai nao waliliona hilo kwenye namba, wanaohamia mwaloni wengi tayari wanakuja na maambukizi kuliko wale wanaobaki walikotoka. Jamii inawasukuma watu wake walio kwenye hatari kubwa mpaka ukingoni mwa maji, alafu inawanyooshea kidole wakiwa hukohuko.

Mi naamini sisi wa upande huu tuna haki ya kujivunia sehemu yetu kwenye sayansi hii. Kati ya 1991 na 1994 hapahapa mkoani Mwanza ulifanyika utafiti kwenye jamii 12, nusu yao zikaboreshewa matibabu ya magonjwa mengine ya zinaa, na maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na zile zilizosubiri. Dunia nzima ilisoma matokeo yale mwaka 1995. Na kule Kisesa, barabara ya kwenda Magu, tangu 1994 kuna watu wa utafiti wanaozunguka nyumba kwa nyumba, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki, nani yuko tayari kupima. Shangazi yangu anaishi huko, ameshawajibu watu hao toka akiwa binti na sasa anawajibu akiwa bibi, na anasema anawapokea kwa sababu hawajawahi kumuuliza kwa dharau. Huku kwetu aina za VVU zimechanganyika, A na D ambazo zimejaa Uganda, na C ambayo imejaa kusini mwa Afrika, zote utazikuta Mwanza na nyingine zimeungana zikawa mchanganyiko. Ukiangalia hilo unaona kabisa mkoa huu ulivyo njia panda, treni, meli, malori ya samaki, na sasa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, kila kinachopita kinapita kwetu.

Marburg sasa. Na hapa aliyesingiziwa zaidi ni popo, japo yeye kweli anahusika.

Wanasayansi walihangaika miaka mingi kutafuta Marburg inakaa wapi baina ya milipuko, tangu ilipotambuliwa 1967 Ujerumani na Yugoslavia kwa wafanyakazi wa maabara walioshika nyani walioletwa kutoka Uganda. Ilipozuka 2007 kwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, watafiti wakavaa mavazi ya kinga wakaingia mgodini, wakakamata popo wala matunda wa Misri (ndo jina lao, wapo sana Afrika huku) na mwaka 2009 wakachapisha kwamba wamekipata kirusi chenyewe kikiwa hai ndani ya popo wazima wasioumwa. Karibu 5 kati ya kila popo 100 walikuwa nacho. Vinasaba vya popo na vya wachimbaji vikafanana. Baadaye kwenye Pango la Chatu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, wakagundua kwamba maambukizi yanapanda mara mbili kwa mwaka, kufuata misimu ya kuzaa, na wanaokuwa nayo zaidi ni popo wadogo wa miezi kama 6, wale wanaoanza kujitegemea. Wamewafunga hata vifaa vya GPS wajue usiku wanaruka mpaka wapi kwenye mashamba ya watu.

Mgodini Kitaka watu walifanya nini baada ya kuambiwa ni popo? Walimaliza popo. Waliziba na kuua mpaka pango likawa tupu. Mwaka 2012 Marburg ikarudi jirani tu na mgodi, Ibanda, mlipuko mkubwa kuliko yote ambayo Uganda ilikuwa imepata kwa ugonjwa huo, na watafiti walipoingia tena mgodini wakakuta popo wapya wachache wamehamia na safari hii wenye kirusi walikuwa zaidi ya 13 kwa 100. Zaidi ya mara mbili ya mwanzo. Ukiondoa popo wazee waliokwishaugua na kupata kinga, unawaachia nafasi vijana wasio na kinga na kirusi kinatembea vizuri zaidi. Mtu akisikia Marburg akakimbilia kuchoma popo kwenye miamba, na miamba Mwanza tunayo ya kutosha, mwelezeni hiyo habari ya Kitaka tafadhali.

Rwanda 2024 walipata mlipuko, watu 66 waliugua na 15 wakafariki, namba ndogo ya vifo ukilinganisha na kawaida ya Marburg. Wakasoma vinasaba haraka na majibu yalikuja yakiwa na faida ya moja kwa moja: virusi vya wagonjwa vilikuwa karibu sawasawa vyote, manake vilitoka kwa mnyama mara moja tu na vilivyobaki ni mtu kwa mtu, wengi wao hospitalini. Kwa hiyo nguvu iende kwenye kukinga wahudumu na kufuatilia waliokutana na wagonjwa, usipoteze wiki kukimbizana na mapango yote ya nchi. Na undugu wa kirusi kile ulikuwa na kile cha mgonjwa wa Uganda wa 2014, na kile cha popo waliopimwa 2009. Mpaka haupo kwa popo. Sisi ikatugusa tena Januari 2025, Biharamulo, 10 wakahesabiwa, 2 wakiwa wamethibitishwa, na wote 10 walifariki. Mungu awarehemu.

Ebola ya Afrika Magharibi ilikuwa na funzo hilohilo ila kwa ukubwa wa kuumiza. Mwaka 2014 watu walikuwa wanahubiriwa kuhusu nyama pori, mabango kila mahali, wakati timu ya hospitali ya Kenema huko Sierra Leone na wenzao wa Marekani walikuwa wamesoma vinasaba 99 vya wagonjwa 78 na kuona kwamba Ebola iliruka kutoka kwa mnyama mara moja, mengine yote yalikuwa ya mtu kwa mtu. Wagonjwa waliuguzwa na waliowapenda, wakaoshwa na waliowapenda, ndo njia ilikopita. Waandishi 5 wa kazi ile walifariki kwa Ebola kabla haijachapishwa, akiwemo Dk. Sheik Humarr Khan. Kila nikisoma orodha ya majina ile najisikia tu kusimama.

Zika, kirusi kinachoenezwa na mbu, pia ni ya ziwa letu, wengi hawajui. Taasisi ya virusi ya Entebbe iko mwambaoni, ng'ambo tu ya maji haya haya, na mwaka 1947 walikuwa wameweka nyani kwenye vizimba ndani ya msitu wa Zika wakiwinda homa ya manjano, nyani namba 766 akapata homa, wakakuta kirusi kipya. Hukohuko Uganda mwaka 1959 ndo ilianzia o'nyong-nyong, homa ya viungo ya mbu, ikazunguka ziwa na kwenda mbali na kugusa watu wanaokadiriwa milioni 2. Zika ilipolipuka Brazil 2015 watu wakalaumu mashabiki wa Kombe la Dunia la 2014. Vinasaba vikaonyesha ilishaingia Brazil kabla ya mpira kuanza. Na Omikroni, ile aina mpya ya korona, Novemba 2021, Botswana na Afrika Kusini walipoitangaza walifungiwa ndege, alafu Uholanzi wakarudi kupima sampuli zao wakaikuta tangu tarehe 19, kabla hata ya tangazo. Aliyesema ukweli mapema ndo aliadhibiwa, hilo halitasahaulika kirahisi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani mti wa vinasaba unasema kila kitu. Mahali ambapo hapajapimwa hapaonekani kwenye mti, na nchi inayopima sana inaonekana kama chanzo kwa sababu tu ndiyo yenye sampuli. Na hata ule mwelekeo niliousifia, kwa watu wawili peke yao hauwezi kuwa ushahidi, maana kati yao anaweza kuwepo wa tatu ambaye hajapimwa. Watafiti wa Rakai waliondoa majina na waliongelea jamii kwa jamii, hawakumwambia mtu yeyote kwamba fulani ndo kakupa, na nchi ambayo mahakama zake zingeanza kuutumia mti huo kwa mtu mmoja mmoja ingefanya dhambi kubwa. Tena yapo majibu yanayoweza kuumiza. Ebola iliporudi Guinea 2021 vinasaba vilionyesha kirusi ni karibu kilekile cha miaka mitano na zaidi nyuma, kilikuwa kimelala ndani ya mwili wa mtu aliyepona. Ukweli huo ulipaswa kusemwa, lakini fikiria waliopona walivyolala usiku ule, ambao hata kabla ya hapo walikuwa wanafukuzwa kwenye nyumba za kupanga.

Na ndo maana nasema lawama inaharibu hata sayansi yenyewe. Kazi yote hii inasimama juu ya mtu mmoja aliyekubali kunyoosha mkono achomwe sindano. Mvuvi akijua akipimwa atanyooshewa kidole, hatapima, ataficha homa, atahama kambi usiku. Sampuli haipo, tawi halipo, na tunabaki na uvumi.

Kilichofanyika mwambaoni Rakai kinajulikana na kimepimwa. Walipeleka upimaji mpaka mwaloni, ARV kwa kila anayehitaji, tohara kwa wanaume, na kati ya 2011 na 2017 maambukizi mapya kwenye jamii zile za wavuvi yakashuka kwa karibu nusu, na wanaotumia ARV kati ya waliokuwa na VVU wakapanda kutoka kama 16 kwa 100 mpaka zaidi ya 80. Hawa ndo watu waliokuwa wanaitwa hawashauriki.

Kambini kwa mjomba kuna vijana wanaokatisha dozi. Wanaujua umuhimu wa dawa vizuri tu, ila wakihama kufuata dagaa kituo kipya kinawataka barua ya rufaa kutoka kile cha zamani, na cha zamani kiko kisiwa kingine, nauli ya boti ni kazi ya usiku mzima. Kuna kituo mwezi uliopita kilimrudisha mmoja wao mara mbili. Ratiba za kliniki ya kutembea nazo zinapangwa kwa tarehe za ofisi, inafika kambini wakati giza ni nene na watu wote wako majini na taa zao, inapima wapishi na wachuuzi inaondoka. Ipangwe kwa mbalamwezi. Kadi ya dawa ikubalike kisiwa chochote ndani ya ziwa. Na matokeo ya Rakai yasomwe kwa Kiswahili na Kikerewe na Kisukuma pale kambini, na yasomwe kwanza huku bara, Kirumba, Igombe, kwa mwenye duka.